Sufuri Iliyounguza Mayai

Nilimtambua kwa mgongo. Alikuwa ameketi kwenye benchi la mwisho chini ya turubai, pale kwenye msiba wa Mayu Holo, yaani Mama Holo, kijijini Nkololo, amevaa koti la kijivu lililombana mabegani, ameinama mbele kidogo kama mtu anayesoma kitu alichokipakata. Hakuwa amepakata kitu. Ngusa alikaa hivyo siku zote, hata zamani, hata akiwa anakula. Nilipita katikati ya akina mama waliokuwa wakichagua mchele, nikasimama nyuma yake. Nikamwita kwa jina la baba yake kama tulivyozoea: "Ng'wana Masanja." Aligeuka polepole. Mvi zilikuwa zimemwanza pembeni mwa masikio, na kwenye kope zake kulikuwa na unga mweupe ambao maji ya asubuhi hayakuutoa wote. "Kabula," akasema, akasogea kunipa nafasi, kana kwamba nilikuwa nimetoka tu kununua vocha dukani na nimechelewa kidogo. Niliketi. Mbele yetu kwaya ilikuwa ikiimba kwa Kisukuma, na mimi nilikuwa nikiwaza kwamba katika mambo yote niliyokwisha kuyaandika kuhusu maisha yangu, mwaka niliokaa na mtu huyu nimekuwa nikiuruka.

Ulikuwa mwaka ambao Bariadi ilikuwa bado inajizoeza kuitwa makao makuu ya mkoa. Ofisi mpya zilikuwa zikitafuta nyumba za kupanga, mabasi yalikuwa yameanza kuongezeka stendi, na msimu wa pamba ulipofika malori yalipita yakidondosha nyuzi nyeupe hadi miti ya barabarani ikaonekana kama imeota ndevu. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo Mwanza na cheti kibichi mkononi. Kaka Shigela alinichukua kazini katika karakana yake, chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, dirisha moja, meza mbili za mninga alizozinunua shule fulani ilipokuwa ikiuza samani zake. Shigela alianza kama fundi redio. Baadaye alikwenda kusoma umeme, akarudi na wazo kwamba mashine za kutotolesha vifaranga zinaweza kutengenezwa hapahapa, na kwamba akili ya mashine, yaani ile bodi ndogo inayoamua lini hita iwake na lini izime, inaweza kuandikwa na vijana wa hapahapa. Kijana wa kwanza alikuwa Ngusa. Wa pili nikawa mimi. Chumba kilinuka risasi ya kulehemu nyaya, mbao mpya na chai ya tangawizi, na kupitia ukutani tulisikia kila neno la dukani: bei ya misumari, bei ya pamba, fulani kaoza binti yake kwa ng'ombe wangapi. Mpaka leo nikisikia misumari ikimiminwa kwenye sahani ya mizani, mwili wangu unadhani ni saa nne asubuhi na kwamba Ngusa yuko mkono wangu wa kushoto.

Alinifundisha kazi wakati wa chakula, kwa sababu mbele ya kompyuta hakuwa mtu wa kuongea. Tulikuwa tukila kwa mama mmoja jirani na stendi, ugali wa dona na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, na siku njema samaki. Siku moja nilikuwa nimeandika funksheni yangu ya kwanza ya kusoma joto. Funksheni ni kama mjumbe ndani ya programu: unamtuma, anafanya kazi moja, anarudi na jibu. Wangu alikuwa akienda kwenye kihisi, kile kijibomba kidogo chenye waya kinachopima joto ndani ya mashine, na akirudi na nyuzi za joto. Asipopata kitu, alirudi na sufuri. Nilijiona nimeandika vizuri. Ngusa alimega tonge, akaliacha kwenye sahani.

"Nimekutuma kwa huyu mama uangalie kama kuna samaki," akasema. "Umefika, umekuta amefunga. Unarudi unaniambiaje?"

"Nakwambia amefunga."

"Huniambii samaki ni sufuri?"

"Samaki ni sufuri kama amefungua, na wameisha."

"Sasa mbona mjumbe wako anasema sufuri kwa yote mawili?" Aliuliza bila kucheka, kwa upole uleule aliokuwa nao hata kwa waya. "Sufuri ni joto, Kabula. Ni baridi ya barafu. Nikisikia sufuri, sijui umeona barafu au hujaona kitu."

Njia yake ilikuwa nyingine. Kila funksheni aliyoiandika ilirudi kwanza na jibu moja tu, nimefanikiwa au nimeshindwa, na kama imeshindwa, imeshindwa kwa lipi. Nyuzi zenyewe iliziweka pembeni, mahali ulipoiandalia, na hukuruhusiwa kuzigusa kabla hujasoma lile jibu la kwanza. Na aliyeituma naye, akipokea habari ya kushindwa, hakuruhusiwa kukaa nayo kimya. Aliipeleka juu kwa aliyemtuma yeye, mpaka ifike mahali ambapo hita inaweza kuzimwa na kengele kulia. Ilikuwa kazi ndefu. Shigela alikuwa akisimama nyuma yetu akitazama mistari ikiongezeka na kusema, "Programu ya Ngusa ni kama wazee wetu wakikutana njiani. Mpaka waulizane habari za ng'ombe, za watoto, za mvua, jua limekuchwa." Tulicheka wote. Ngusa alicheka kuliko sisi, meno yote nje. Picha niliyobaki nayo kichwani ya mwaka ule, kabla mambo hayajaharibika, ndiyo hiyo: watu watatu wanacheka katika chumba chenye joto, na mwanga wa dirishani umejaa vumbi la pamba.

Kikundi cha Mayu Holo ndicho kilichoagiza mashine ya kwanza kubwa. Walikuwa akina mama wa Nkololo, wakulima, na Mayu Holo alikuwa mwenyekiti wao, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, ambaye alipoingia karakana hakukaa kwenye kiti mpaka amesalimia kila mtu kwa zamu. "Mwangaluka, ng'wanone," akaniambia mimi, yaani umeamkaje, mwanangu, akanishika mkono akaubakiza mkononi mwake wakati wote akizungumza na Shigela. Walitaka jambo moja. Nyumba ya mashine ilikuwa mbali kidogo na makwao, na wakati wa palizi hawangeweza kushinda pale. Je, mashine inaweza kuwapelekea ujumbe kwenye simu? Shigela akasema inaweza. Aliposema hivyo nilimwona Ngusa akiinua kichwa. Chipu tuliyokuwa nayo, ile inayobeba programu, ilikuwa ndogo, na programu ilikuwa imekwisha kuijaza karibu yote.

Shigela na Ngusa walibishana mchana mmoja, mimi nikiwa nje ya pazia la mlangoni nikikata mbao za trei. Shigela hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke. Alikuwa ameahidi, na akina mama walikuwa wamekwisha kuanza kukusanya mayai kijiji kizima, na mayai ya kutotolesha hayangoji. Alisema zile habari za kuulizana zipunguzwe ili ujumbe wa simu upate nafasi. Ngusa alisema tungoje chipu kubwa zaidi kutoka Dar. "Mayai yatangoja?" Shigela aliuliza. Kisha nikasikia Shigela akisema kwa sauti ya chini, karibu ya kuomba, "Mdogo wangu, kihisi ni kipya. Nimekijaribu mwenyewe. Kitashindwaje?" Halafu Ngusa: "Basi. Lakini chipu ikifika nazirudisha." Alikaa chini alasiri hiyo akaifuta kazi yake mstari kwa mstari. Nilipomletea chai alisema asante bila kuinua macho. Funksheni ya kusoma joto ikawa kama ile yangu ya kwanza: inarudi na nyuzi, na isipopata kitu, sufuri. Mashine ikapelekwa Nkololo, akina mama wakapiga vigelegele, Mayu Holo akaonyeshwa ujumbe wa kwanza kwenye simu yake, akautazama kwa mbali, mkono umenyooka, akausoma kwa sauti wenzake wasikie. Joto lilikuwa sawasawa. Kwa wiki mbili na zaidi lilikuwa sawasawa.

Siku mbaya ilianza kwa simu ya asubuhi. Sikusikia maneno ya upande wa pili, nilimwona tu Shigela akitafuta funguo za gari huku simu ikiwa bado sikioni. Tulikwenda wote watatu kwenye pikapu yake. Kabla hatujafika mlangoni pa ile nyumba harufu ilitupokea, harufu ya jikoni, ya mayai ya kuchemsha, na kwa sekunde moja ya upumbavu nilidhani wametuandalia chai. Akina mama walikuwa wamesimama nje wamejifunga kanga kiunoni. Ndani, mashine ilikuwa imefunikwa mablanketi. Si moja. Yalikuwa yamepangwa juu yake na kuizunguka pande zote, mengine ya watoto, yenye picha za maua na simba, na juu ya yote shuka zito la kimasai. Ngusa aliyaondoa moja baada ya jingine, akiyakunja. Hilo ndilo lililonichoma, kwamba aliyakunja. Alipofungua mlango wa mashine mvuke ulimpiga usoni. Waya wa kihisi ulikuwa umechomoka, labda trei iliuvuta wakati wa kugeuza mayai, na hita ilikuwa nyekundu, ikiendelea kuwaka kwa ajili ya baridi ambayo haikuwepo.

"Simu ilisema sufuri," Mayu Holo alisema kutoka mlangoni. Sauti yake nzito ilikuwa imepasuka. "Joto sufuri. Ikasema tena, sufuri. Nikasema jamani, watoto wanakufa kwa baridi humu. Tukakimbia kuleta mablanketi." Alimtazama Ngusa kama mtu anayetazama daktari. "Tulikosea wapi, baba?"

Ngusa alikuwa ameshika yai. Alilipasua juu ya kiganja, na ndani kulikuwa na kifaranga kilichokwisha kupata mdomo na kivuli cha manyoya. Hakumjibu Mayu Holo. Mama yule alisimama pale mlangoni akingoja, na nilimwona akikichukua kimya cha Ngusa kuwa ndilo jibu, akashusha macho kwenye yale mablanketi yaliyokunjwa. Shigela akaanza kuongea, maneno mengi ya kuomba radhi, tutawatengenezea, tutawapa mayai mengine. Njiani kurudi Ngusa alisema neno moja tu, tulipokaribia mjini: "Ilisema sufuri." Tulipofika karakanani Shigela alimshika bega akamwambia, "Ni mimi niliyekulazimisha." Naye akasema, "Mikono ni yangu, kaka." Alifagia sehemu yake ya meza, akaviringisha nyaya, akatuaga kwa heri za kawaida. Watu wa dukani walidhani mimi na yeye ni wachumba. Hatukuwa, hakuna aliyekuwa amesema kitu, ila nilikuwa nimezoea anisindikize mpaka njia panda. Siku ile hakunisindikiza. Nilidhani kesho.

Kesho yake Mayu Holo alifika kabla ya adhuhuri, kuku jike mwekundu kwapani, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Alimtafuta Ngusa kwa macho, asimwone, akaketi. Alisema hakulala. Alisema kikundi kimekaa, kimekubali kosa ni lao, hasa lake yeye mwenyekiti, maana ndiye aliyeamuru mablanketi, na mtu hafuniki mashine ya watu bila kuuliza. Amekuja kumwomba yule kijana msamaha kwa kuiharibu kazi yake, na hicho ndicho kilichokuwa kisa cha yule kuku. Mimi na Shigela tulitazamana. Shigela alimweleza kwa Kisukuma, taratibu, kwamba hita ilikuwa imekwisha kuyaua mayai kabla ya blanketi la kwanza, kwamba ile sufuri haikuwa baridi, ilikuwa mashine isiyojua na isiyosema haijui. Alisikiliza mpaka mwisho. "Basi aambiwe nilikuja," akasema. "Mwiteni." Shigela alipiga simu, haikupatikana. Alimtuma mtu chumbani kwa Ngusa, akarudi kusema mlango una kufuli na mwenye nyumba amekabidhiwa ufunguo asubuhi. Basi la Maswa, kwao Ngusa, lilikuwa limekwisha kuondoka. Wiki iliyofuata Shigela alikwenda mwenyewe Nyalikungu, hukohuko Maswa, kwa mjomba wake Ngusa, akaambiwa ameelekea machimboni upande wa Geita, na ile laini ya simu haikupatikana tena.

Chipu kubwa ilifika. Nilizirudisha zile funksheni zote kama alivyokuwa ameziandika mwanzo, kwa kuwa nilizijua kwa moyo, na mashine ya Nkololo ikafanya kazi. Shigela alifunga karakana miaka kadhaa baadaye, bila ugomvi, wateja walipoanza kununua mashine za kutoka nje. Mimi nilikwenda Dar, kisha Dodoma, na nimekula maisha yangu yote kwa kazi aliyonifundisha mtu aliyeiacha. Mimi na Mayu Holo tuliendelea kupigiana simu. Kila niliporudi kumwona alinilisha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, na kila safari, kabla sijaondoka, aliniuliza tena: "Ng'wanone, una hakika hayakuwa yale mablanketi?" Nilimwapia. Alikubali kwa kichwa. Safari iliyofuata aliuliza tena.

Haya yote nilimwambia Ngusa pale kwenye benchi, kwa kunong'ona, kwaya ikiimba. Hakuwa akiyajua. Alikuwa na mashine ya kusaga nafaka Nyalikungu, mke, watoto, na miaka yote hiyo alipokwenda Bariadi alizunguka njia isiyopita upande wa Nkololo. Aliamini akina mama wale walimlaani. Tangazo la msiba alilisikia redioni akiwa anasaga, akazima injini wateja wakamshangaa.

"Alikuja asubuhi ileile?" aliuliza.

"Ileile. Mlipishana kidogo tu."

"Mimi nilikuwa stendi. Basi lilichelewa kujaza." Alijipangusa kiganja kwenye suruali, mara nyingi, kama kina kitu. "Nilikuwa nimekaa dirishani, Kabula. Ningeinua kichwa ningemwona akishuka kwenye gari la Nkololo."

Tulipoitwa kaburini kuweka udongo alinitangulia. Watu wa mjini huwa tunatupa udongo haraka na kupisha wengine, lakini yeye alichuchumaa ukingoni, akasema kitu kwa Kisukuma, kifupi, kana kwamba anamjibu mtu aliyemwuliza swali sasa hivi. Mzee mmoja ilibidi amguse bega. Sikumwuliza alisema nini. Nilimwuliza jambo jingine, tulipokuwa tumerudi chini ya turubai na sahani za wali na nyama zikapita. Nilimwambia huko Dodoma ninaongoza vijana, kwamba nafasi ipo, kwamba mtu hasahau kazi aliyoijua. Alitikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Nilijaribu," akasema. "Mtoto wangu mkubwa ana kompyuta ya shule. Nilikaa nayo siku moja Jumapili, wote wako kanisani. Nikaandika mistari kama kumi. Nikaanza kusikia ile harufu." Alichota wali, akaurudisha. "Kazi ile niliipenda kupita kiasi. Ningekuwa nimeipenda kidogo ningeirudia."

Nilikuwa nimekuja na hasira fulani ya zamani dhidi ya lile kufuli la mlangoni, na sasa sikujua niiweke wapi. Mtu aliyekuwa mkono wangu wa kushoto angekuwa fundi mkubwa kuliko sisi sote. Ilikuwa inatosha basi lichelewe zaidi kidogo. Ilikuwa inatosha chipu ifike mapema. Hakuna mtu katika habari hii aliyemtakia mwenzake mabaya, na bado imegharimu kila mtu.

"Ile mashine," alisema baadaye, bila kunitazama. "Ulipozirudisha. Iliangua?"

"Iliangua."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Aliweka sahani chini, kwenye nyasi, akageuka tukatazamana uso kwa uso. "Nisimulie."

Nikamsimulia. Kwamba tulifika na Shigela asubuhi, na tangu uani tukasikia sauti nyembamba, na akina mama walikuwa wamevua viatu wote mlangoni bila kuambiwa na mtu. Kwamba vifaranga vingine vilikuwa vikilia vikiwa bado ndani ya magamba, na Mayu Holo alipiga magoti, akaweka sikio kwenye kioo, akatuonyesha kidole tunyamaze. Kwamba yai la pembeni kabisa, lenye madoa, ndilo lililotangulia kufunguka, na kifaranga chake kilitoka kimelowa, kibaya kama kitu kilichookotwa mtoni, kikaanguka kifudifudi, kikalala, tukadhani kimekufa. Hapo nilisita, kwa sababu mhudumu mmoja alikuwa akitupita na jagi la maji, na mwenye pikipiki aliyemleta Ngusa alikuwa amesimama ukingoni mwa turubai akimwonyesha kwamba jua linakwenda. Ngusa alimpungia mkono angoje.

"Endelea," akasema.